Nyumba Hujengwa kwa Mikono Minne

Mtu atokaye katikati ya Dar es Salaam na kushika njia ya Bunju na Mabwepande upande wa kaskazini, au ya Mbagala na Chamazi upande wa kusini, hukuta jambo moja kila mahali: nyumba ambazo hazijakwisha. Hapa msingi umeota majani. Pale kuta zimesimama bila paa. Kwingine chumba kimoja kimeezekwa na watu wanakaa ndani yake, hali vyumba vingine vingali wazi vikinyeshewa. Mpita njia aweza kudhani kwamba wenye nyumba hizo wamechoka au wamefilisika. Lakini akisogea karibu, mara nyingi ataona tuta la mchicha lililomwagiliwa asubuhi ile ile, mpapai kando ya ukuta, na matofali machache mapya yaliyofunikwa kwa magunia yenye maji. Hapo pana mume na mke wanaojenga.

Juma hili twataka kuyatazama maisha ya watu hao, kisha tujifunze jambo moja. Jambo lenyewe ni hili: jembe na mwiko wa mwashi hufanya kazi moja. Aliyelima mboga uani amejenga ukuta sawasawa na aliyenunua saruji. Wenye nyumba wasiosadiki neno hili huja kulijua siku ya msiba au ya ugomvi, na siku hiyo huwa wamekwisha chelewa.

MJI ULIVYOENEA

Kinondoni, Magomeni na Temeke zilikuwa pembezoni mwa mji zilipopimwa viwanja vya makazi ya Waafrika katika miaka iliyofuata Vita Kuu ya Pili. Waliohamia huko walijenga kwa miti na udongo, kwa boriti za mikoko, na kuezeka kwa makuti au kwa madebe yaliyokunjuliwa. Nyumba yao ilikuwa na ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uani kwa nyuma. Mwaka 1966 kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kilianza kazi, na tangu hapo tofali la saruji likawa tamaa ya kila mwenye kiwanja. Leo Kinondoni na Temeke za zamani zimemezwa na mji, na pembezoni pamesogea mbali.

Kilimo nacho hakikuachwa vijijini. Azimio la Siasa ni Kilimo lilitolewa Iringa mwaka 1972, na miaka miwili baadaye wito ukawa Kilimo cha Kufa na Kupona. Lakini kilichowashikisha jembe watu wa mjini kuliko wito wowote kilikuwa njaa ya miaka ya 1980, mishahara ilipokuwa haifiki mwisho wa mwezi. Mtaalamu Aili Mari Tripp, aliyechunguza maisha ya wakazi wa Manzese na Buguruni wakati huo, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1997 jinsi nyumba nyingi zilivyoishi kwa miradi midogo kuliko kwa mshahara, na jinsi sehemu kubwa ya miradi hiyo ilivyokuwa mikononi mwa akina mama. Mwaka 1992 serikali ilitoa kanuni za kilimo cha mjini, na mtu akaruhusiwa kulima eneo lisilozidi eka tatu. Basi, tuta la mchicha uani lina historia yake.

KAZI ILIYO MBELE

Tuchukue kiwanja ambacho watu wa Dar es Salaam hukiita ishirini kwa ishirini. Hizo ni mita za mraba 400. Nyumba ya kiasi ikichukua 100, zabaki 300 za uani, njia, choo, miti na mboga. Si shamba kubwa, lakini lafaa kama likipangwa kabla ya tofali la kwanza kulazwa.

Neno la kwanza ni mahali penyewe. Kiwanja cha bondeni huuzwa rahisi, na udongo wake ni mweusi wa kupendeza. Lakini maji yana kumbukumbu. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwatoa watu wengi katika bonde la Msimbazi, na serikali ikawapa viwanja Mabwepande. Desemba 2015 ukaja ubomoaji wa nyumba zilizojengwa katika bonde hilo hilo. Tena, uchunguzi uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta metali nzito, risasi ikiwamo, katika mboga zilizolimwa kandokando ya mito Sinza na Msimbazi. Basi bondeni pana hasara mbili: nyumba yaweza kuchukuliwa na maji, na mboga yaweza kumdhuru mlaji.

Neno la pili ni miti. Ukuta waweza kungoja mshahara wa mwezi ujao, bali mti haurudishi mwaka uliopotea. Mpapai huweza kuzaa katika mwaka wake wa kwanza au wa pili. Mwembe wa kubebesha hungojwa miaka kadhaa. Mnazi mrefu wa pwani huchukua miaka sita au saba. Anayepanda siku ile ile anayochimba msingi atakula matunda kabla hajapaka chokaa. Apande tu mbali na msingi na mbali na shimo la choo, maana mizizi haijui mipaka.

Neno la tatu ni choo na kisima. Mafundisho ya afya husema kisima cha maji ya kunywa kiwe mbali na shimo la choo kwa mita 30 walau. Katika kiwanja cha mita 20 kila upande jambo hilo haliwezekani, na jirani naye ana shimo lake. Kwa hiyo maji ya kisima kifupi cha uani yawe ya bustani na ya kujengea, wala yasinywewe.

Neno la nne ni paa. Paa la bati lenye mita za mraba 80, ikinyesha mvua ya milimita 100, hupokea lita 8,000 za maji. Hata tano moja ikipotea, zabaki 6,400. Dar es Salaam hupata masika kuanzia Machi hadi Mei, na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Mwenye mfereji wa paa na tangi hubakiza maji ya kumwagilia baada ya mvua kukatika, wakati mboga zinapopanda bei sokoni. Asiye na mfereji huyatazama maji yale yale yakichimba msingi wake.

Neno la tano ni tofali. Tofali la saruji halikauki tu, bali huiva, na kuiva kwake kwataka maji. Limwagiliwe kila siku kwa muda wa siku saba walau, likiwa kivulini au limefunikwa. Mchanga wa pwani usitumiwe, kwa kuwa chumvi yake hula nondo ndani ya zege. Sasa angalieni: anayemwagilia matofali asubuhi ndiye anayemwagilia mchicha, tena kwa ndoo ile ile. Mara nyingi ni mama wa nyumba, au watoto kwa amri yake, hali baba ameondoka alfajiri kwenda kibaruani. Je, hapo nani mjenzi?

TUTA LA MBOGA NI DUKA LA SARUJI

Udongo wa Mbagala na Chamazi ni wa mchanga. Hunywa maji upesi na kuyaachia upesi. Dawa yake ni samadi na majani yaliyooza, yakichanganywa humo kila msimu. Samadi ya kuku iwekwe kwanza ipoe, maana ikiwa mbichi huunguza miche. Mchicha huanza kuvunwa baada ya majuma matatu au manne. Matembele hupandwa kwa vipande vya shina, nayo huchumwa mara nyingi bila kupandwa upya. Bamia na nyanya chungu hufuata, na mihogo ikae ukingoni itoe kisamvu. Matuta yakipandwa kwa zamu, tuseme moja kila juma, mboga haikatiki mezani.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme nyumba fulani ilikuwa ikinunua mboga za shilingi 1,000 kila siku. Kwa mwaka ni shilingi 365,000. Ondoeni mbegu na samadi, kisha kigawanyeni kilichobaki kwa bei ya mfuko wa saruji katika duka la karibu nanyi. Mtajua wenyewe tuta lile hujenga mifuko mingapi kwa mwaka.

Lakini hapo pana mtego. Fedha ambayo haikutumika haionekani. Haiji na karatasi ya mshahara, wala haina sauti. Hupenya mfukoni na kupotea katika soda na nauli. Kwa hiyo, siku ambayo mboga imetoka uani, fedha ya mboga itumbukizwe katika kibubu siku hiyo hiyo, nayo iandikwe katika daftari la nyumba. Daftari liwe moja, lisomwe na wote wawili. Upande mmoja yaandikwe yaliyonunuliwa kwa mshahara au biashara. Upande wa pili yaandikwe yaliyotoka bustanini, bandani kwa kuku, na katika kazi za mikono nyumbani.

Mume aliyenunua saruji anayo stakabadhi. Mke aliyeiokoa fedha ya saruji hana, kwa maana mchicha hauna stakabadhi. Pengine huwa kinyume: mke ndiye mwenye kazi ya ofisini au kibanda cha sokoni, na mume ndiye anayelima na kusimamia mafundi. Sheria ya daftari ni ile ile.

JINA LA NANI?

Hapa ndipo penye uzito wa somo letu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yasema kwamba mali ikiandikwa jina la mmoja wa wanandoa, hudhaniwa kuwa ni ya huyo, hadi uletwe ushahidi wa kinyume. Ikiandikwa majina ya wote wawili, hudhaniwa kuwa hisa zao ni sawa. Tena yamkataza mwenye nyumba ya ndoa kuiuza au kuiweka rehani bila idhini ya mwenzake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo yataka idhini hiyo katika rehani.

Ndoa ikivunjika, mahakama hutazama kila mmoja alichangia nini kwa fedha, kwa mali au kwa kazi. Zamani waamuzi walibishana kama kupika, kulea na kutunza nyumba ni mchango. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Seifu, kwa hukumu iliyosomwa na Jaji Mkuu Nyalali, ilisema kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kuipata mali ya ndoa. Ni kweli kwamba mama huyo mwenyewe hakupewa sehemu, kwa kuwa Mahakama iliona amekwisha tapanya fedha alizopewa na mumewe kwa mradi wa familia. Basi hukumu ile ina mafundisho mawili: kazi ya nyumbani ina thamani ya fedha, na fedha ya nyumbani ina hesabu ya kutolewa.

Kuna msiba pia. Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963 halikumpa mjane sehemu ya urithi kama marehemu ameacha watoto au ndugu. Lilimwachia atunzwe na watoto wake. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua shauri la wajane wawili wa Tanzania waliofukuzwa katika nyumba walimoishi na waume zao, nayo ikaitaka serikali ibadili sheria za namna hiyo. Mama aliyemwagilia kila tofali aweza kutolewa nje na shemeji ambaye hakubeba hata ndoo moja.

Dawa yake ni karatasi, nayo hupatikana wakati wa amani. Hati ya mauziano ya kiwanja iandikwe majina mawili, wote wawili watie sahihi mbele ya mashahidi. Leseni ya makazi au hati miliki ifuate vivyo hivyo. Sheria ya Ardhi yawaruhusu mume na mke kumiliki kwa pamoja hivi kwamba mmoja akifa, haki yake humwendea aliyebaki. Tena wosia uandikwe, na nakala iwekwe mahali ambapo zaidi ya mtu mmoja wapajua.

Wako watakaosema kwamba kuandika majina mawili ni dalili ya kutoaminiana. Sisi twaona kinyume. Aliyekula mboga ya mwenzake kwa miaka kumi na kulala chini ya paa ambalo mboga hiyo ililinunua, hapunguziwi kitu kwa kuandika kweli ilivyo. Anayeona uzito ajiulize anamwogopa nani.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Katika uani wetu, ni mita ngapi ambazo hazilimwi wala hazitumiki? Twaweza kupanda nini humo kabla ya mvua zijazo?

2. Maji ya paa letu huenda wapi?

3. Katika mwaka uliopita, bustani na kazi za nyumbani zilituokolea shilingi ngapi, na fedha hizo ziko wapi sasa?

4. Karatasi za kiwanja chetu zimeandikwa jina la nani? Zimewekwa wapi? Nani mwingine ajua mahali hapo?

5. Mmoja wetu akifa usiku wa leo, nani atalala katika nyumba hii mwezi ujao?

Swali la tano lisiulizwe kwa hasira wala mbele ya wageni. Liulizwe jioni, kazi zikiisha, na lisiachwe mpaka limejibiwa kwa maandishi.