SOMO LETU: KILO ZINAZOPOTEA NDANI YA KOMPYUTA



Mizani tunaijua, na karani akiibonyeza kwa kidole tunamwona. Leo tusome mahali ambapo kilo hupotea bila kidole cha mtu: pale kompyuta inapogeuza maandishi kuwa namba kamili, yaani namba isiyo na desimali.

Sisi wa Mushasha, kama wenzetu wanaochuma na kuosha kahawa huko Gitega na Muyinga, tumefundishwa hesabu kwa mtindo wa Kifaransa. Kilo kumi na mbili na gramu mia saba tunaandika 12,7. Lugha nyingi za programu hufuata mtindo wa Kiingereza, wenye nukta. Amri ya parseInt katika JavaScript ikipewa maandishi 12,7 husoma hadi kwenye mkato, husimama, na kujibu 12. Kelele haipigi. Mizigo 20 ya namna hiyo ni kilo 254, lakini hesabu itatoka 240. Kilo 14 za jasho zimekwenda! Kibaya zaidi ni 1.250, jinsi wengine wanavyoandika elfu moja mia mbili hamsini. Hapo jibu ni 1.

Amri ya int katika Python ina ukali, ila ukali wa nusu. Maandishi 12,7 huyakataa na kutangaza kosa. Ikipewa namba 12.7 iliyokwisha kuwa namba, huikata na kubakiza 12.

Basi mtunga programu hana budi kukagua kinachoingia kabla ya kukigeuza. Je, ni kitupu? Kina herufi, mkato, nukta? Kiko chini ya sifuri? Kimezidi uzito ambao mtu mmoja anaweza kubeba? Kikishindwa, kikataliwe wazi na karani aandike upya, kisigeuzwe sifuri kimyakimya. Na kwa maoni yetu uzito uwekwe kwa gramu, 12700, pasiwe na kitu cha kukatwa.

Wala hili si kosa la washamba. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya, Ariane 5, iliharibika angani kabla dakika moja haijaisha. Namba yenye desimali ilikuwa imegeuzwa kuwa namba kamili bila kukaguliwa, nayo ilizidi 32767, kikomo cha nafasi iliyotengewa.

Panapolipwa kwa karatasi ya kompyuta, mjumbe wa sendika aombe jaribio mbele ya wafanyakazi: karani aingize 12,7, kisha 12.7, kisha 1.250, na kila jibu liandikwe kwenye daftari.