Pima Kila Chuchu: Ugonjwa wa Kiwele Usioonekana

Ng'ombe anakula na kucheua vizuri, kiwele hakijavimba, maziwa ni meupe bila mabonge. Lakini maziwa yanapungua, na lawama inaangukia majani. Huku Oldonyo Sambu, upande mkavu wa Mlima Meru, kiangazi hubebeshwa mengi. Huenda kweli ni majani, ila pima kwanza.

Bakteria wakipenya tundu la chuchu, mwili hupeleka chembe nyeupe za damu kupambana nao. Kwa macho huzioni. Mwaka 1957 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California walitoa kipimo cha kuzifichua, CMT: kibao chenye vikombe vinne, kila chuchu na chake, pamoja na dawa yake.

Mwaga michirizi ya kwanza. Kamulia kila chuchu kikombeni mwake, inamisha kibao maziwa yabaki mililita 2 hivi, tia dawa kiasi hicho hicho, kisha zungusha taratibu kwa sekunde 10. Maziwa mazima hubaki majimaji. Yenye maambukizi huvutika kama mlenda. Soma papo hapo. Aliyezaa juzijuzi asipimwe, kwani maziwa yake ya mwanzo yana chembe nyingi hata akiwa mzima.

Kama dawa ya kipimo haipatikani, koroga gramu 15 za sabuni ya unga katika nusu lita ya maji, utumie badala yake. Mwaga maziwa uliyopimia.

Kupima hakutoshi bila kinga wakati wa kukamua, na hapa kwenye kitambaa cha kufutia kiwele tunasisitiza. Maji ni ya shida, kwa hiyo kitambaa kimoja hufuta viwele vyote, na hicho hicho humhamisha bakteria *Staphylococcus aureus* kutoka kwa ng'ombe mgonjwa hadi kwa mzima. Kila ng'ombe awe na chake, kifuliwe na kuanikwa juani. Mwenye maambukizi akamuliwe wa mwisho. Ukimaliza, chovya chuchu kwenye dawa ya aidini, umpe majani asilale mapema, ili tundu lijifunge kabla halijagusa samadi.

Usikimbilie kununua dawa ya kuingiza kwenye chuchu. Mwone afisa mifugo wa kata. Sampuli inaweza kupelekwa Wakala wa Maabara ya Veterinari, kituo cha Arusha. Mara nyingi tiba husubiri ng'ombe anapokaushwa, miezi 2 kabla ya kuzaa. Akitibiwa akiwa anakamuliwa, maziwa ya chuchu zote nne yasiuzwe wala kunywewa mpaka siku zilizoandikwa kwenye dawa ziishe, kwa sababu kuchemsha hakuondoi mabaki ya dawa.