Kufundisha Historia kwa Magofu: Mnara wa Kanisa la Kwanza la Bagamoyo

Mwalimu wa Kinondoni au Temeke aghalabu hulalamika kwamba hana vifaa vya somo la historia. Malalamiko hayo hayana msingi mkubwa. Kunduchi yapo magofu ya msikiti pamoja na makaburi ya karne ya 18, ambayo nguzo zake zilipambwa kwa mabakuli ya Kichina. Na kiasi cha kilomita 70 kaskazini ya jiji umesimama mnara wa kanisa la kwanza la misheni ya Bagamoyo. Makala haya yahusu mnara huo, ingawa yafaa somo lianzie Kunduchi.

Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padre Antoine Horner, walivuka kutoka Unguja na kuanzisha misheni mwaka 1868. Hizo zilikuwa zama za Malkia Victoria, lakini shirika lao lilikuwa la Kifaransa. Kijiji walichokiunda kilikuwa cha watu waliokombolewa utumwani. Kanisa lilijengwa mwaka 1872, mwaka ule ule kimbunga kilipoipiga Unguja na pwani ya Bagamoyo. Kanisa kubwa zaidi lilipojengwa kati ya 1910 na 1914, lile la zamani likakosa kazi. Mnara ndio uliosalia.

Mwanachuo asianze kwa kutaja miaka hii. Awapeleke wanafunzi ukutani kwanza, nao waseme wanachokiona: mawe ya matumbawe na chokaa, kama yale waliyoyagusa Kunduchi. Hapo watoto wenyewe watatambua kwamba ufundi wa waashi wa pwani ndio uliojenga msikiti na kanisa pia. Katika darasa lenye Waislamu na Wakristo ugunduzi huo una uzito kuliko hotuba ya mwalimu. Urefu waupime kwa kivuli, asubuhi, kwani adhuhuri kivuli ni kifupi mno: ikiwa fimbo ya meta 1 yatoa kivuli cha meta 2, urefu wa mnara ni nusu ya kivuli chake.

Kisha lije jina. Mnara huitwa wa Livingstone, na mtoto asipoongozwa atadhani ndiye aliyeujenga. Livingstone alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Maiti yake ikalazwa hapa Februari 1874, ikielekea Unguja na hatimaye London. Ulizeni: nani waliibeba? Ni Chuma, Susi na wenzao, kwa muda wa miezi tisa hivi, zaidi ya kilomita 1,500. Ulizeni tena: nani walisali humu kila siku?

Swali hilo la pili huleta habari za utumwa, na walimu wengi hulikwepa, wakihofia watoto watanyosheana vidole kwa dini au kabila. Afadhali lijibiwe pale pale mnarani. Wagawe katika vikundi vya watano watano, kila kundi lichore upande mmoja wa mnara na kuandika chini ya mchoro jina ambalo lingeupa mnara huo, pamoja na sababu. Michoro ibandikwe darasani kwa muhula mzima.