Thumuni Iliyopotea: Tuandike Mazingira ya Programu Zetu



Ndugu zangu katika imani, somo la leo limetokana na kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa nasoma faraidh, niliandika programu ndogo ya Python ya kugawa mirathi. Kwenye laptopu yangu ilitoa majibu sahihi, nikaiweka kwenye kompyuta ya jumuiya ili wenzangu wajifunzie.

Siku moja dada mmoja akaijaribu: marehemu ameacha mke, mtoto mmoja wa kiume na shilingi 8,000,000. Jibu likatoka: mke 0, mtoto 8,000,000. Jumla ilitimia, na programu haikuonyesha kosa lolote. Lakini Suratun-Nisaa, aya ya 12, imempa mke thumuni ikiwa mumewe ameacha mtoto. Haki yake ni 1,000,000, na mtoto, akiwa ni asaba, huchukua 7,000,000 zilizobaki.

Programu ilikuwa ile ile, mazingira ndiyo yaliyobadilika. Laptopu yangu ina Python 3, ambamo 1/8 ni 0.125. Kompyuta ya jumuiya ilikuwa ikitumia Python 2, ambayo ikigawa namba nzima kwa namba nzima hutupa desimali, na 1/8 ikawa 0.

Wanazuoni wa hadithi wanatufundisha kuwa dhabt ya mpokezi ni ya namna mbili: ya kifuani na ya kitabuni. Mimi nilitegemea kifua. Nilijua nimetumia Python ipi, lakini sikuandika popote.

Dawa ni kuyabeba mazingira pamoja na programu. Njia ya kwanza ni mashine pepe, kwa mfano kwa kutumia VirtualBox: kompyuta kamili ndani ya kompyuta, yenye mfumo endeshi wake. Inafaa unapohitaji mfumo tofauti kabisa, lakini hula nafasi na kumbukumbu nyingi. Njia ya pili ni kontena, iliyoenea kupitia Docker tangu mwaka 2013. Kontena hutumia kiini cha mfumo endeshi uliopo, na hubeba programu yako na vile tu inavyovihitaji. Kwa hiyo ni jepesi na huwaka upesi.

Mimi nilichagua kontena. Faili liitwalo Dockerfile lina mistari mitatu:

FROM python:3.12
COPY mirathi.py .
CMD ["python", "mirathi.py"]

Wa kwanza unataja Python ya kuanzia, wa pili unaingiza programu yangu, wa tatu unaiendesha. Kisha:

docker build -t mirathi .
docker run -it mirathi

Sasa mke anapata 1,000,000 kwenye kompyuta zote mbili.

Tahadhari mbili. Usiandike python:latest, kwa sababu kinachoitwa hivyo leo si lazima kiwe kile kile mwakani. Ni kama mpokezi mubham, asiyetajwa jina: utampimaje? Taja toleo kwa namba. Pili, kontena halisahihishi fiqhi. Nikikosea fungu, litarudia kosa langu kwa uaminifu kila linapokwenda. Hivyo mas-ala ya yule dada nimeyaweka yawe jaribio la kwanza kila ninapobadilisha kitu, na mirathi ya kweli tuipeleke kwa masheikh.

Ndugu yangu, kabla hujamkabidhi mwenzako programu, andika imejengwa juu ya nini. Hiyo nayo ni amana.

Wabillahi tawfiiq.