Joto na Sumu katika Chumba Kidogo

Wakati wa kipupwe, katika nyanda za juu za Njombe na Makete, joto la usiku huweza kushuka chini ya nyuzi 10 za Sentigredi. Majira hayo wako watu ambao huingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga mlango na dirisha, kisha wakalala. Baadhi yao hawaamki. Husemwa kwamba jiko “limemaliza hewa”. Kauli hiyo si sahihi, na hesabu ya sekondari yatosha kuonyesha kosa lake.

Na kichukuliwe chumba chenye urefu wa meta 3, upana wa meta 2 na kimo cha meta 2.5. Ujazo wake ni meta za ujazo 15, na hewa iliyomo ina uzito wa kilo 15 hivi. Ili kuipandisha hewa hiyo joto kwa nyuzi 10 zahitajika kilojuli 150 tu, yaani joto la gramu 5 za mkaa. Mbona basi jiko zima huteketea na baridi hurudi upesi? Ni kwa sababu joto halikai. Bati lisilo na dari hupitisha wati 7 hivi katika kila meta ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya ndani na nje. Tofauti ikiwa nyuzi 10, paa la chumba hiki peke yake hupoteza zaidi ya wati 400.

Sasa ichunguzwe hewa. Gramu 100 za mkaa, ambazo ni vipande vichache tu, zina kaboni ipatayo gramu 80. Zikiungua zote chumbani, oksijeni hupungua kwa lita zisizozidi 200 kati ya lita 3,150 zilizomo. Upungufu huo haumuui mtu. Lakini katikati ya makaa mekundu kaboni dioksaidi hukutana na kaboni yenye moto mkali, ikageuka:

CO₂ + C → 2CO

Mwali wa buluu uchezao juu ya makaa ni kaboni monoksaidi ikiungua. Isiyoungua huingia chumbani. Haina rangi wala harufu, wala haiwashi macho. Ndiyo maana imani ya kwamba jiko ni salama moshi ukishakwisha ni ya hatari mno. Beseni la maji nalo, ambalo wengine huliweka kando ya jiko, halifai kitu: gesi hii haiyeyuki majini ila kidogo sana.

Iwapo sehemu moja ya kumi tu ya kaboni ile itageuka kuwa monoksaidi, na chumba hakina upenyo, zitapatikana gramu 19 hivi. Kwa mwinuko wa Njombe hizo hujaza lita 20, yaani zaidi ya sehemu 1 katika 1,000 za hewa. Ni kidogo, ila himoglobini ya damu huishika monoksaidi kwa nguvu inayozidi mara 200 ile ya kuishika oksijeni, na oksijeni ni sehemu 210 katika 1,000. Gesi hizo mbili basi hushindana takriban sawa kwa sawa, na mlalaji akiivuta hewa hiyo kwa saa kadhaa, nusu ya himoglobini yake haibebi tena oksijeni.

Dalili za mwanzo ni kuumwa kichwa, kichefuchefu na kulegea, na ni rahisi kuzidhania malaria. Mgonjwa atolewe nje mara moja, kisha apelekwe hospitali apewe oksijeni. Kwa hewa ya kawaida sumu hiyo huchukua saa 4 hadi 5 kupungua kwa nusu.

Chumba kidogo hakihitaji moto. Dari ya mbao hupunguza joto lipotealo paani kwa zaidi ya nusu, na kinachohitaji joto ni mwili, si hewa. Maji lita 1, yakifungwa vema katika chupa, yakizungushiwa kitambaa na kuwekwa ndani ya blanketi, hutoa kilojuli 105 yakipoa kutoka nyuzi 60 hadi 35. Maji hayo yachemshiwe jikoni, na jiko libaki huko.

Zoezi: Mwanafunzi apime chumba alalamo, akokotoe ujazo wake, kisha atafute ni gramu ngapi za mkaa zitakazokifikisha kwenye sehemu 1 ya monoksaidi katika 1,000. Alinganishe jibu lake na uzito wa mkaa ujazao jiko la nyumbani kwao.