SOMO LA IJUMAA: MAMA ALIYECHOKA MOYO



Wapenzi wasomaji, somo la leo ni la akina mama. Wanaume msiikunje karatasi, sehemu yenu inakuja.

Kuna uchovu wa mwili na kuna uchovu wa moyo. Mama aliyeshinda sokoni na beseni lake la samaki, akilala vizuri usiku, asubuhi anaamka na nguvu. Huo ni wa mwili. Mwingine analala usiku kucha na anaamka amechoka vilevile. Sombe anatwanga, watoto anawaogesha, mgeni anampokea, lakini ndani yake hakuna kitu. Mtoto akilia, hasikii huruma, anasikia hasira tu. Anakwenda msibani kwa sababu ni lazima, machozi hayatoki. Kisha chumvi ikimwagika jikoni, anakaa chini na kulia. Ukimwuliza una nini, anajibu: hakuna.

Dada, kama umejiona hapo, jambo hili lina jina na limechunguzwa. Mwaka 1974 Herbert Freudenberger, mtaalamu wa mambo ya nafsi mjini New York, aliandika juu ya watu waliojitolea kusaidia wengine mpaka wakabaki kama nyumba iliyoungua ndani. Baadaye Christina Maslach wa Marekani alionyesha alama tatu: nguvu za moyo kwisha, kuwaona watu kama mizigo, na kuamini kwamba kazi yako haina faida. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema ni jambo linalotokana na kazi ya ajira, wala halikuliita ugonjwa. Sawa, lakini mama wa nyumbani hana mwajiri wala likizo! Ndiyo maana kazi ya Isabelle Roskam na Moïra Mikolajczak wa Louvain, Ubelgiji, inatufaa zaidi. Wao wamechunguza uchovu huo kwa wazazi, na alama mojawapo waliyoiona ni hii: mama anajitazama na kusema, mimi si yule mama niliyekuwa.

Wengi wetu tukisikia hivyo tunasema ni imani ndogo, au ni jini. Tusiharakishe. Katika Bukhari na Muslim kuna habari ya kamba iliyofungwa kati ya nguzo mbili msikitini. Mtume (s.a.w.) akauliza ni ya nini, akaambiwa ni ya Zaynab, akichoka katika sala anajishika nayo. Hakumsifu kwa kujishika. Aliamuru ifunguliwe, na mtu asali akiwa na nguvu, akichoka akae. Kama hiyo ilikuwa hukumu juu ya ibada yenyewe, je, juu ya kubeba makala na kufua nguo za watu kumi? Na Bibi Fatima alipoumia mikono kwa jiwe la kusagia, alikwenda kwa baba yake akasema. Kusema umechoka hakukumtoa katika watu wema.

Sasa ufanye nini. Kwanza nenda kituo cha afya upimwe damu. Upungufu wa damu na malaria huchosha sana, na mama aliyezaa karibu-karibu mara nyingi damu yake ni kidogo. Ukitibu moyo na damu imekwisha, unapoteza wakati. Vidonge vya usingizi vinavyouzwa sokoni acha, vinaweza kukufunga ushindwe kulala bila hivyo.

Damu ikiwa nzima, tafuta mtu mmoja, si watano, umwambie kweli. Kisha utue mzigo mmoja unaojulikana. Usiseme tu "nitapumzika", maana hutapumzika. Sema: siku ya Jumatano sipiki, binti mkubwa au wifi atapika. Likelemba ya pesa tunaijua sote. Mbona hatufanyi likelemba ya watoto? Akina mama wanne wa mtaa mmoja, kila mmoja siku yake anawalinda watoto wa wote, wengine watatu wanalala au wanakaa kimya. Haigharimu franga hata moja. Na nguvu hazirudi kwa juma moja, kwa hiyo usiache mapema.

Lakini ukianza kutamani usiamke kesho, au umezaa karibuni na unaogopa mkono wako juu ya mtoto, hapo si jambo la kungojea. Siku hiyohiyo mwambie mtu wa nyumbani, asikuache peke yako, akupeleke kwa muganga. Na dada aliyetendewa jeuri wakati wa vita, jeraha lake ni jingine, kulala tu hakutoshi. Hospitali ya Panzi, Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, inatibu mwili na moyo pamoja.

Baba, zamu yako. Bibi Aisha aliulizwa Mtume alifanya nini nyumbani. Akasema alikuwa katika kazi za watu wake, wakati wa sala ukifika anatoka. Wewe usimwulize mkeo "nikusaidie nini?", maana atajibu "hakuna" na utafurahi. Tazama mwenyewe. Kesho Jumamosi, bido mbili za kwanza za maji zichote wewe, kabla hajaamka.