Si mkaidi, hasikii vizuri

Wadogo zangu wa Kiringye, na ninyi wa Luberizi, Sange hadi Uvira mjini, mmezoea kuniita yaya. Basi leo nisikilizeni kama mnavyomsikiliza dada mkubwa wa nyumba.

Mama mkubwa wangu alipepeta mchele kando ya mashine ya kukoboa mpunga kwa miaka mingi. Injini ya mazuti ilinguruma toka asubuhi, wanawake wakiongea kwa mikono. Baadaye, nyumbani, tukaanza kumlalamikia. Mume wake akimwita, anaitika. Sisi watoto tukimwita, anaendelea kuchambua maharage. Tukasema anasikia anachotaka. Kwenye likelemba, kile kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu, akawa anabishana juu ya hesabu: mwenzake ametamka sita, yeye ameshika tisa. Wakamwona mgomvi. Mwishowe akaacha kwenda, akawa anakaa uani peke yake, na hapo tukasema ana kiburi.

Naandika haya kwa uchungu, maana tulimkosea. Kelele ya mashine huanza kwa kuondoa sauti nyembamba: za watoto, za wanawake wengi, na herufi kama s, t na f. Sauti nzito ya mwanaume inabaki. Ndiyo sababu mume wake alisikika nasi hatukusikika, na ndiyo sababu sita na tisa zilimfikia kama neno moja.

Ndani kabisa ya sikio kuna seli zenye vinywele vidogo mno, kama 16,000 kila upande. Mtu huzaliwa nazo, na zikifa hazioti nyingine. Wanaoshughulikia afya ya kazini wameweka mpaka wa desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku. Kelele ikipanda desibeli 3 tu, muda salama unakatika nusu, unakuwa saa 4. Kipimo hatuna, lakini mkono tunao. Mwenzako akiwa umbali wa mkono mmoja nawe unalazimika kupiga kelele akusikie, mahali hapo panaumiza masikio, iwe ni mashine, iwe ni mbele ya bafle za kanisa au za harusi. Ukirudi nyumbani masikio yanavuma, ni onyo.

Wenye mashine, nawasihi: mkiweza, wekeni injini nyuma ya ukuta, na wafanyakazi wapokezane. Kipande cha pamba ya kawaida hakizuii kelele kama tunavyodhani. Tafuteni vizibo vya masikio au vifuniko vinavyofunika sikio zima. Na ninyi vijana wa simu, sauti isipite asilimia 60, na masikio yapumzike.

Nije kwa watoto, maana hapa ndipo tunapoteza mengi. Sikio linalotoa usaha tumelizoea kama makamasi. Tunasema litakauka lenyewe, tunatia mafuta ya moto, maziwa ya mama, hata maji ya majani. Acheni. Usaha unaokaa majuma unaweza kuharibu ngoma ya sikio, na mtoto asiyesikia mwalimu anaitwa mjinga darasani. Chukua kitambaa safi cha pamba, laini, kisokote kiwe utambi. Kiingize taratibu kwenye tundu la sikio, kikilowa kitoe, weka kingine kikavu, hivyo hivyo mpaka kitoke kikavu. Fanya mara tatu kwa siku, na umpeleke kituo cha afya apewe dawa inayofaa. Maji ya mto au ya ziwa yasiingie humo. Lakini ukiona uvimbe unaouma nyuma ya sikio, usisokote chochote: mpeleke siku hiyo hiyo.

Vijiti, funguo na unyoya wa kuku havina kazi ndani ya sikio. Vinasukuma nta ndani zaidi. Wako wazee wanaoitwa viziwi kumbe ni nta iliyojaa, na muuguzi anaweza kuitoa. Chanjo nazo zisirukwe, kwa kuwa surua na homa ya uti wa mgongo huacha watoto wengi bila kusikia.

Halafu dawa. Bonde letu la Ruzizi lina malaria nyingi, na kinini tunaijua sote. Inaweza kuleta mvumo masikioni na kupunguza usikivu. Mara nyingi hali hurudi dawa ikiisha. Sindano za gentamisini na streptomisini ni jambo jingine, madhara yake yanaweza kubaki daima. Sisemi mzikatae, zinaokoa maisha. Nasema msinunue sindano na kuchomana nyumbani, na mgonjwa akianza kusikia mvumo au kizunguzungu, mwambieni muuguzi mara moja. Anayepoteza kusikia ghafla, baada ya mlipuko au bila sababu, asingoje wiki ipite.

Na aliyekwisha kupoteza? Mama mkubwa wangu hakurudishiwa masikio, ila alirudishiwa nyumba. Tulijifunza kumgusa bega kwanza, kisha kusimama mbele yake aone midomo. Jioni taa tuliiweka upande wetu ili imulike uso wa anayesema. Redio ilizimwa. Hatukupiga kelele, maana kelele hupotosha maneno na humtia aibu mbele ya wageni. Asipoelewa, tulibadili maneno. Hesabu za likelemba zikaonyeshwa kwa vidole, akarudi kukaa na wenzake. Barabarani alitembea na mtoto, kwa sababu pikipiki ikitokea nyuma hakuisikia. Wapo wanaosaidiwa na kifaa cha kusikilizia, lakini kwanza daktari wa masikio apime, na hapo safari ya Bukavu inafaa kuwekewa akiba.

Leo jioni fanya jambo moja. Mzee wa nyumba yenu akikupa mgongo, mwite mara moja tu, kwa sauti ya kawaida. Asipogeuka, usirudie kwa hasira. Kesho mpeleke kituo cha afya wamchungulie masikio.